Niendiwe na Nchi ya Pishi Moja

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, na nikiamka huwa sina la kusimulia zaidi ya shingo kuuma. Lakini ile niliyoota Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mchana kweupe, kichwa changu kikiwa juu ya rundo la madaftari katika ofisi ya walimu, naomba mniruhusu niisimulie yote bila kuruka kitu. Nililala nikiwa mwalimu wa namna fulani, nikaamka nikiwa najionea haya, na haya ile ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi huku kwetu milimani Upare, na mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba kazini na watoto tisini na wawili darasani. Mwenye watoto tisini na wawili hujitafutia njia zake. Yangu ilikuwa hii: majibu yote nayaandika kwenye kipande cha karatasi, karatasi naiweka gotini, halafu nafungua daftari, natupa jicho kwenye jibu la mwisho tu, vyema au kosa, nafunga, lete jingine. Walimu wenzangu waliniita Cherehani, na msinicheke, jina lile lilinipendeza sana.

Ijumaa hiyo Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Mshana, alikuwa ameniletea fomu mbili ambazo zilitakiwa kwa Afisa Elimu Kata Jumatatu. Ya kwanza ilikuwa ya watoto wanaoshindwa kusoma na kuandika, na shule ilikwisha kuamua kwamba watakaoandikwa humo watarudishwa darasa la kwanza wakaanze upya. Ya pili ilikuwa ya wenye vipaji, ambao wangepata mwalimu wa kuwaendeleza kila Jumatano. Alinikumbusha utaratibu wetu wa siku zote, kwamba jina likishakaa kwenye fomu moja haliwezi kukaa kwenye nyingine. Sikuuliza kwa nini. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya tangu naajiriwa.

Jina la kwanza nililoliandika kwenye fomu ya wanaoshindwa lilikuwa la Niendiwe, binti wa miaka tisa, mwembamba, anayekaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Ukimpa kitabu asome, herufi zinamkimbia mpaka jasho linamtoka puani. Daftari lake la hesabu lilijaa makosa yangu mekundu toka jalada hadi jalada. Na kulikuwa na jambo jingine. Wiki tatu kabla ya siku ile niliandika maswali ubaoni wayanakili, halafu nikauliza la kwanza kwa mdomo, themanini na nne gawanya kwa sita, na kabla sijamaliza kugeuka nikasikia kutoka nyuma, "Kumi na nne." Alikuwa yeye. Nikaenda nikafungua daftari lake, nikakuta ameandika jibu jingine kabisa. Nikaona basi, huyu ameiba jibu kwa jirani. Nikalisema hilo kwa sauti, mbele ya wote, na nikamsimamisha ukutani mpaka kengele ilipolia. Tangu siku hiyo Niendiwe hakufungua tena mdomo darasani.

Saa saba mchana mama yake alikuja. Sijui nani alimwambia habari za fomu, shule haina siri. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye ncha ya benchi, vumbi la shambani likiwa bado miguuni. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, akirudi la kwanza atakaa dawati moja na mdogo wake. Mdogo wake anasoma. Sasa huyu nitamwambia nini?" Nikamjibu maneno yale tuliyozoea kuwajibu wazazi, kwamba ni kwa faida ya mtoto. Akashukuru, akaondoka. Nilikasirika sana nikiwa peke yangu, sikujua namkasirikia nani, nikavuta rundo la madaftari nianze kusahihisha, na usingizi ukanichukua pale pale.

Nikajiona nimesimama katika nchi nisiyoijua, ambayo udongo wake ulikuwa vumbi la chaki na vilima vyake vilikuwa vyeusi kama ubao uliofutwa vizuri. Njia moja pana ilipanda kutoka bondeni, na njia yote ilijaa watoto, wengi kuliko niliopata kuwaona mahali pamoja, kila mmoja amebeba kitu na kila mmoja amekibeba kwa namna yake, huyu kichwani, yule mgongoni, mwingine amekificha ndani ya shati na kukikumbatia. Walikuwa wakipanda kimya kimya, kwa adabu ile ya watoto wanaokwenda kupimwa. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge kilichofifia, na kabla sijauliza lolote alinitazama kwa namna ya mtu anayesubiri nimalize wazo langu. Nikamwuliza jina. Akasema anaitwa Usikivu. Nikamtazama masikio, maana nilitegemea yawe makubwa, lakini yalikuwa ya kawaida tu, na la kushoto lilikuwa na hereni ndogo ya shaba.

"Twende, mwanangu," aliniambia. "Ila huku kwetu kuna sharti moja. Utakachokiona usikitolee jibu mpaka kimalize kusema."

Nilimwambia hilo halinishindi. Akatabasamu kidogo, akatangulia.

Mwisho wa ile njia palikuwa na lango, na langoni alikaa mzee mmoja nadhifu, kanzu imepigwa pasi, miguu kwenye kigoda. Huyo ndiye Bwana Mazoea. Nilimpa shikamoo, naye akaitikia kwa furaha, akaniita mwalimu mwenzake na kunikaribisha nyumbani, jambo lililonishangaza maana sikukumbuka kuwahi kufika kwake. Mkononi alikuwa na pishi, ile ya ukindu ya kupimia nafaka, iliyosukwa zamani na kung'aa kwa kushikwa. Kila mtoto aliyefika alitakiwa kumimina alichobeba ndani ya ile pishi. Mtoto wa kwanza niliyemwona alileta mtama, pishi ikajaa mpaka juu, mzee akampigapiga begani. Wa pili alileta kitambaa kirefu kizuri chenye maua aliyoyadarizi mwenyewe, mzee akakikunja, akakishindilia, akasema ni nusu. Wa tatu alileta wimbo. Mzee akainamisha pishi sikioni, akaigeuza juu chini, akaikung'uta, akasema hamna kitu. Na kila alipotamka, mwanamke aliyesimama nyuma yake aliandika upesi upesi na kuita mwingine apite. Nilimwuliza Usikivu yule ni nani, akasema ni Haraka, na hapo nikaona kwamba Haraka amevaa viatu vyangu, vile vyeusi vyenye ukanda ulioshonwa mara mbili. Nikataka kusema kitu. Nilipokumbuka sharti nikanyamaza.

Ndipo akapanda Niendiwe. Alikuwa na sare yake ile ile, na mikono yake ilikuwa mitupu. Lakini nyuma yake, kwenye lile vumbi jeupe, maji yalikuwa yanamfuata. Yalikuja katika mfereji mwembamba, taratibu, akikata kushoto nayo yanakata kushoto, akisimama nayo yanatulia miguuni pake na kumngoja. Katika nchi ile kavu sikuwa nimeona tone la maji popote. Bwana Mazoea alimtazama mikono, akamwuliza amebeba nini. Mtoto akaonyesha maji. Mzee akainama kwa shida, akachota kwa pishi yake ya ukindu, na maji yakatokea kwenye matundu yote hata kabla hajainuka. "Tupu," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema leo ni Ijumaa. Haraka akaandika.

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mzee kwamba pishi haipimi maji, hata mtoto mdogo anajua. Bwana Mazoea hakukasirika. Aliniambia kwa upole kwamba pishi ndiyo iliyopo, ilikuwepo kabla yake, na kwamba yeye binafsi aliniona nikiitumia kwa miaka kumi na saba bila kulalamika. Usikivu alinishika mkono tukapita.

Ng'ambo ya lango njia iligawanyika. Ya kushoto ilishuka kwenye ua wenye kivuli, na hapo alitawala Bibi Huruma, mnene, mwenye machozi ya karibu, amezungukwa na watoto wale ambao pishi yao haikujaa. Aliwafuta kamasi, akawanywesha uji, akawalaza kwenye mikeka, akawaita maskini wangu, maskini wangu. Nilimpenda mara moja. Lakini tulivyozidi kukaa niliona kwamba hakuna mtoto aliyeulizwa swali pale, wala aliyepewa kazi, na yule mwenye kitambaa cha maua alikuwa amelala akitazama juu wakati kitambaa chake kimetumika kufutia uji uliomwagika. Ya kulia ilipanda kwenye jukwaa, na huko alikuwa Bwana Majivuno na watoto wa pishi zilizojaa, amewapanga kwa urefu na kuwavisha mashada ili wageni wakija wawaone. Mmoja wao, yule wa mtama, alikuwa analia chini chini kwa sababu kamba ya kiatu imemfunguka na hajui kuifunga, na Majivuno alikuwa anamnong'oneza afiche miguu. Mtoto akaificha. Aliendelea kusimama hivyo, mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Niendiwe alijaribu njia zote mbili. Alikwenda kwanza kwa Huruma, akakaa mkekani, akanyweshwa uji, halafu akahesabu kwa macho na kumwambia bibi yule kwamba watoto ni arobaini na watatu na uji uliobaki ni wa vikombe thelathini na kimoja, hivyo kumi na wawili watakosa. Huruma hakupenda. Alisema mtoto anayehitaji kuhurumiwa hasemi hivyo, akamwonyesha mlango. Akapanda kwa Majivuno. Huko palikuwa na kibao, na masharti yalikuwa kwamba kila anayeingia asome kibao kwa sauti. Alisimama mbele ya kile kibao muda mrefu. Jasho lilimtoka puani, nikaliona, lile lile. Wageni wakaanza kucheka, na Majivuno akamwambia ashuke polepole asije akavuruga mstari.

Basi akarudi pale njia inapogawanyika na kukaa chini, na maji yake yakakaa naye. Nikaona kwamba hakuwa peke yake. Pale njia panda palikuwa na watoto wengine wengi wamekaa, na nyasi zilikuwa zimelala kwa kukaliwa. Niliwatazama nyuso, na Mungu wangu, niliwafahamu. Nilimwona Sifaeli, aliyekuwa na kigugumizi kibaya na aliyekuwa akichora ramani ya wilaya kwa kichwa bila kukosea mto hata mmoja, ambaye aliacha shule akiwa darasa la tano na mimi nikalikata jina lake kwenye daftari la mahudhurio kwa rula ili mstari unyooke. Alikuwa bado mdogo vile vile. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa kigugumizi chake, na ilimchukua muda kuimaliza, na safari hii nilingoja mpaka alipofika mwisho. Nilililia jambo lile moja, kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Usikivu alinipeleka mbele ya Niendiwe, akaniambia niketi. Nikaketi kwenye vumbi. Akaniambia, "Mwulize."

"Nimwulize nini?"

"Kile ambacho ungemwuliza siku ile kama ungekuwa na nafasi."

Nikamtazama mtoto. Nilijua ni kitu gani. Nikamwambia, "Niendiwe, themanini na nne kwa sita. Ulifikaje?"

Aliinamisha kichwa. Mara tatu nilifungua mdomo nimsaidie, na mara tatu mkono wa Usikivu ulinigusa begani. Halafu mtoto akaanza, kwa sauti ya chini, akichora kwa kidole ardhini. "Baba ndiye anayefungua ndiva," akasema, na ndiva kwetu ni lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, ambayo watu hugawana kwa zamu. "Maji ni themanini na nne. Mashamba ni sita. Nafungua kila shamba lipate kumi kwanza, ili pasiwe na ugomvi. Sitini yameondoka. Ndivani yamebaki ishirini na nne. Nafungua tena, kila shamba linapata manne. Ndiva imekauka. Kila shamba limepata kumi na manne."

Na alipokuwa akisema, maji yake yaligawanyika kweli, mifereji sita, sawasawa kabisa, yakapita katikati ya wale watoto waliokaa. Wote wakavuta miguu na kutazama. Mimi niliyefundisha kugawanya kwa miaka kumi na saba nilikuwa sijawahi kuona kugawanya kukifanyika mbele ya macho yangu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hivyo siku ile. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja.

"Hukuniuliza, mwalimu," akasema. "Uliniambia."

Niliamka na shavu langu likiwa limeganda kwenye jalada la daftari. Ilikuwa yapata saa kumi. Uwanja wa shule ulikuwa umenyamaza, na mvua nyepesi ilikuwa imeanza juu ya mabati. Nilikaa kwanza bila kufanya lolote, nikiona aibu kana kwamba kuna mtu ofisini. Halafu nikalitafuta daftari la Niendiwe kwenye rundo, nikalifungua, na karatasi ya majibu nikaiweka mbali, kwenye droo.

Nilianza kulisoma kama mtu anayesoma barua. Swali la kwanza kwenye ukurasa ule wa siku ile lilikuwa la themanini na nne kwa sita. Lakini yeye, alipolinakili kutoka ubaoni, aliandika arobaini na nane kwa sita. Jibu lake lilikuwa nane. Nikatazama chini yake. Nilikuwa nimewapa sitini na tatu kwa tatu, yeye akaandika thelathini na sita kwa tatu, na jibu kumi na mbili. Nilikuwa nimewapa tisini na moja kwa saba, yeye akaandika kumi na tisa kwa saba, na jibu mbili, baki tano. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa, kalamu mkononi. Kulikuwa na makosa yangu mekundu thelathini na saba katika daftari lile, na kati ya hayo thelathini na manne hayakuwa makosa. Mtoto alikuwa amejibu sawasawa maswali ambayo mimi sikuyauliza, na kwa muhula mzima sikutupa jicho hata mara moja upande wa kushoto wa alama ya usawa.

Nilivuta fomu zote mbili. Kwenye ya kwanza jina lake lilikuwepo tayari, nikaliacha, nikaandika mbele yake kwamba herufi na tarakimu zinamgeukia, asomewe maswali kwa sauti, apewe muda, na abaki darasa la tatu. Kwenye ya pili niliandika jina lile lile, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliojaliwa.

Mwalimu Mshana alipoziona asubuhi ya Jumatatu alidhani nimechoka. Akanieleza tena, kwa upole, kwamba jina moja haliwezi kukaa pande mbili, na kwamba Afisa Elimu Kata atazirudisha. Nikamwambia akizirudisha nitaziandika tena, na nikamfungulia lile daftari. Alivaa miwani. Alisoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakusema kwamba nimeshinda, yeye si mtu wa maneno hayo. Alinung'unika tu kuwa mambo haya mapya yatatuletea maneno, akagonga mhuri fomu ya kwanza, akagonga na ya pili.

Niliingia darasani na daftari likiwa mkononi. Kwa kuwa nilimtukana mbele ya watoto tisini na mmoja, niliona siwezi kumwomba radhi pembeni. Nikamwita mbele. Alikuja akitazama ukuta, ule aliousimamia, akaanza kuuelekea mwenyewe. Nikamshika bega nikamgeuza watu wamwone. Nikawaambia wote kwamba wiki zile zilizopita nilisema Niendiwe ameiba jibu, na kwamba haikuwa kweli. Jibu lilikuwa lake. Aliyekosa ni mimi, na namwomba anisamehe. Nikampa daftari lake, ambamo kila kosa langu nilikuwa nimelikata na kuandika vyema.

Alifunua kurasa polepole, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Nilitaka sana kusema kitu, nikajizuia. Alipofika mwisho alilifunga, akalibana kifuani, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, na darasa zima likageuka kuisikia sauti ile, "nisomee jingine."

Nikamsomea.